Dola Si Mvua

Kila ninapouliza kwa nini bei ya riwaya imepanda, jibu ni lilelile: dola imepanda. Muuzaji analisema kama anayesema mvua imenyesha, nasi tunatikisa kichwa na kurudisha kitabu rafuni. Jamani, dola si mvua. Karatasi nyingi tunaagiza nje kwa fedha tusiyoichapa sisi, na utaratibu huo uliandikwa na watu, kwa kalamu, wamekaa mezani.

Meza yenyewe ilikuwa Bretton Woods, Marekani, Julai 1944. Walifika wajumbe wa nchi 44. Tanganyika haikuwa na kiti. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni ya mkoloni. Hata Keynes wa Uingereza hakupata alichotaka. Alikuwa amependekeza fedha ya hesabu ya dunia nzima, bancor, ambayo ingembana mdaiwa na pia mwenye ziada iliyopitiliza. Marekani ndiyo iliyokuwa na ziada, ikakataa. Basi hadi leo anayefunga mkanda ni mdaiwa peke yake.

Na msiniambie eti mambo yamebadilika. Agosti 2021, katikati ya korona, IMF iligawa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650. Afrika nzima ikapata takribani bilioni 33, maana mgawo hufuata hisa, haufuati shida. Kubadili hisa hizo kunataka asilimia 85 ya kura. Marekani pekee ina zaidi ya 16. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Wapo watakaosema tatizo ni viongozi wetu wanaokopa hovyo na kuiba. Kweli wapo, na tuwaandike bila woga. Lakini mwizi wa ndani hahalalishi dhuluma ya nje.

Mwaka 1980 Nyerere aliuliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Mwaka huohuo mkutano wa Arusha ukadai mfumo mpya, unaosimamiwa na nchi zote. Nani kati yetu amelisoma tamko lile? Tunachambua riwaya mstari kwa mstari, ila maandishi yanayopanga bei ya riwaya hiyohiyo tunawaachia wachumi. Mimi nasema tuyasome: mgawo ufuate mahitaji, na mwenye ziada naye abanwe. Kilichoandikwa kwa kalamu hufutika.