Moyo unaochoka polepole na miezi 36 ya sheria



Mkazi mmoja wa Mbagala, jirani wa mwandishi wa barua hii, alichomelea vyuma kiwandani kwa miaka minane, akikatwa michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi. Leo hana kazi, hana pensheni, na kifuani ana vali bandia.

Utotoni alisumbuliwa sana na koo. Alisukutua maji ya chumvi, maumivu yakapoa, maisha yakaendelea. Ndivyo ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi unavyoanza: maambukizi ya koo yasiyotibiwa kwa penisilini huweza kuufanya mwili ushambulie vali zake wenyewe, na madhara huja kuonekana miaka mingi baadaye. Yeye alianza kutweta kwa kupanda ngazi tu, kisha miguu ikavimba.

Kwenye matibabu nchi imepiga hatua kubwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, inafanya upasuaji ambao zamani wengi waliufuata India.

Shida huanza mgonjwa akisharudi nyumbani. Mwenye vali kama ya jirani huyu humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali, na hupimwa damu mara kwa mara ili dozi isizidi wala kupungua. Hata mchicha na matembele lazima ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika, maana mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Jeraha dogo huchelewa kukata damu. Nani atamrudisha mtu huyo kwenye mashine ya kukatia chuma? Lakini akiwa na shati mwilini kovu halionekani, na watu humwambia usoni kwamba ni mzima.

Sheria ya hifadhi ya jamii inampa pensheni ya ulemavu mwanachama ambaye bodi ya madaktari imethibitisha kuwa amepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Awe amechangia miezi 180; au miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya ulemavu.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomwangusha. Moyo ulipoanza kuchoka aliacha zamu za usiku, mkataba ukaisha, akawa kibarua asiyechangiwa. Alipothibitishwa, miezi 36 ya nyuma ilikuwa na michango tisa tu. Angevunjika mgongo siku moja akiwa bado kiwandani, hesabu ingetimia. Fidia kwa wafanyakazi nayo ni ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Ugonjwa wake ulianzia kooni.

Wabunge walifanyie marekebisho sharti hili kwa magonjwa yanayodhoofisha polepole. Miezi ihesabiwe kurudi nyuma tangu siku ugonjwa ulipogunduliwa hospitalini, si tangu mtu alipofikia theluthi mbili. Kwa jirani huyu siku hiyo inajulikana: imeandikwa kwenye majibu ya kipimo chake cha kwanza cha moyo, wakati bado alikuwa akichangia.

Msomaji,
Dar es Salaam