Tatizo kubwa ni kimo

Makala kuhusu kutengeneza miti ya reli za mfano imeeleza vizuri namna ya kusokota nyaya ziwe shina na matawi, lakini imepita haraka mno kwenye kipimo, na hapo ndipo miti mingi ya aina hiyo inapoharibika. Kwa kipimo cha 1:76 kinachotumika sana Uingereza, mwaloni wa mita 20 unapaswa kufika sentimita 26. Mingi ya dukani ina sentimita 10 hadi 15 tu, ndiyo maana injini yenye kimo cha sentimita 5 huonekana jitu kando yake. Wapo watakaosema miti mirefu itaimeza treni na kumaliza nafasi mezani. Nafasi kweli ni shida, ila dawa yake ni kupunguza idadi: miti michache ya kimo halisi mbele, na mifupi nyuma ili ionekane iko mbali. Na treni kumezwa na miti ndiyo hali yenyewe ya reli za mashambani! Kuhusu rangi, shina lipakwe kijivu badala ya kahawia, kwani gome la mwaloni uliokomaa lina kijivu kingi, na kijani cha mwani upande wenye unyevu. Sifongo iliyosagwa, ambayo ndiyo majani, inyunyizwe kwa uchache, anga lionekane katikati ya matawi.