Mnunuzi wa Kiwanda Atazamwe

Tukitaja kiwanda twamtaja meneja na watu wa mashine, tukamsahau bwana mnunuzi aliyekaa na makaratasi yake ya bei. Hilo ni kosa. Fedha ya kiwanda hutokea mlangoni kwake.

Mimi nilifunzwa ualimu, basi niwieni radhi kwa hesabu. Mkanda wa mashine wa shilingi 40,000 ukikatika baada ya mwezi 1, na wa shilingi 60,000 ukidumu miezi 3, rahisi ni upi? Tena mashine ikisimama, mishahara haisimami. Mnunuzi atazamaye bei peke yake, au bahasha ya muuzaji, atuuza sote.

Wala hatukosi ujuzi. Bodi ya wataalamu wa kazi hii iliwekwa kwa sheria Tanzania mwaka 1981, ikaundwa upya 2007. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba yetu yaenda ng'ambo ingali ghafi, nasi twavaa nguo za wageni.

Twataka wafanyakazi wapewe haki ya kuuliza: zabuni hii kapewa nani, na kwa nini? Na mkulima wa Shinyanga alipwe pamba yake kabla ya muuzaji wa viti vya ofisi.