Unapanga Santorini na Mfangano Hujafika

Wasee, hii nitaisema na najua kuna watu watanikasirikia. Sawa tu.

Wiki jana kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi tuliosoma pamoja hapa Uriri, msee mmoja alituma picha ya Santorini. Nyumba nyeupe, maji ya buluu, dem na kofia kubwa. Akaandika: "Disemba 2027, tuanze kuchanga." Saa moja haijaisha, watu kumi na wanne wako ndani. Nikauliza swali moja: nani hapa amewahi kufika Mfangano? Kimya. Mwishowe mmoja akajibu, "Kule ni kwa wavuvi, omera."

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike.

Tuanze na hesabu. Kuingia Ugiriki unahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Halafu taarifa ya benki, halafu tiketi ya ndege. Na ufike huko ukute kisiwa chenyewe kimechoshwa na wageni: tangu Julai 2025, abiria wa meli za kitalii wanatozwa yuro 20 kila mmoja wakishuka Santorini msimu wa watu wengi. Wewe M-Pesa yako inakauka tarehe kumi, unachangia nini hasa?

"Lakini kule kuna historia." Poa, tuongee historia.

Santorini ni mabaki ya volkano. Rusinga nayo imekaa ubavuni mwa volkano ya kale, Kisingiri, na majivu yake ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya wanyama wa zamani sana. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la nyani mkubwa wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Hapo hapo Rusinga amelazwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38 tu. Unapita barabara yenye jina lake ukienda kununua viatu, na kaburi lake hujawahi kuliona.

Vuka mpaka Mfangano. Kuna michoro ya mawe, miduara myekundu na myeupe, ambayo wazee wa Abasuba wanaihusisha na kuomba mvua. Lugha ya Kisuba yenyewe inafifia, vijana wengi wa huko siku hizi wanaongea Dholuo kama sisi. Jumba la michoro Ugiriki litakungoja. Mzee anayejua hadithi ya yale mawe hatakungoja.

Na tusisahau nyumbani kabisa, Thimlich Ohinga. Ni kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, na tangu 2018 ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Orodha ileile yenye mji wa kale wa Rhodes.

Sasa nijiseme na mimi. Mara ya kwanza kufika Thimlich nilipanda juu ya ukuta ili nipigwe picha. Jiwe likateleza, likaanguka. Jaduong' aliyekuwa anatutembeza hakunifokea. Aliliokota, akaligeuzageuza mara tatu mpaka likakaa mahali pake, akaniambia, "Nyathina, hapa hakuna simiti. Kila jiwe limeshikwa na mwenzake." Niliifuta ile picha kabla hatujafika barabarani. Kwa hivyo siongei kama mtakatifu.

Najua mtasema, "Huko hakuna mahoteli ya maana, na yaliyopo bei ni ya watalii." Kuna ukweli. Lakini nyumba za bei yetu hazijengwi kwa sababu sisi hatuendi. Nani atawekeza kwa mgeni asiyekuja? Na hapo ndipo inauma: tuna marafiki waliosomea utalii, wamekaa nyumbani na vyeti vyao, na sisi wenyewe ndio tunasema hakuna cha kuona. Kaunti tuilaumu, ndiyo, barabara na vibao ni kazi yake. Lakini kaunti haijakukataza kupanda matatu.

Sisemi usiende Ugiriki. Nenda, hata mimi nikipata nitaenda. Ninachokataa ni kuota miaka miwili juu ya kisiwa cha watu huku chako unakiita cha wavuvi. Na hata kama ni cha wavuvi, ile samaki unayoposti Jumapili ilitoka wapi?

Kwa hivyo nimeweka hii kwenye kundi: Disemba hii, siyo 2027. Tunatoka Uriri alfajiri, Rongo, Homa Bay, mpaka Mbita. Tunavuka daraja kwenda Rusinga, tunalala, kesho yake tunachukua boti ya Mfangano, na jaketi za kuokoa maisha kila mtu avae, hakuna ushujaa ziwani. Anayetutembeza tumlipe bila kubishana bei. Na mawe tusiyapande.

Mpaka sasa waliokubali ni watatu. Tutaenda hao hao watatu.