MASHAURI YA NYUMBANI: Kuuza Chombo Si Kuuza Siri



Juma hili twajibu swali la mama mmoja mjane wa mtaa wa Golf, hapa kwetu Lubumbashi. Marehemu mumewe alimwachia kompyuta ya kupakata, ndiyo ile waitayo laptopu. Kijana wa jirani, ajitayarishaye kwa mtihani wa Serikali, ataka kuinunua. Mama auliza: «Nimekwisha kufuta barua na picha zote. Je, yatosha?»

Twamjibu kwa heshima: La, mama, haitoshi. Sababu ni hii. Mtu akifuta waraka kwa kubonyeza kitufe, mara nyingi kompyuta haiyaondoi maandishi yenyewe. Yaondoa tu jina lake katika orodha. Ni sawa na karani wa maktaba achanaye kadi ya kitabu, hali kitabu chenyewe chabaki rafuni. Mgeni asiye na kadi hakioni, lakini mwenye kupitia rafu moja moja atakikuta, mpaka siku kitakapowekwa kitabu kingine mahali pake. Diski za kisasa hujisafisha upesi kuliko zile za zamani, walakini si busara kuitegemea bahati hiyo.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walinunua diski 158 zilizokwisha tumiwa. Katika hizo, 129 zilikuwa zafanya kazi bado, na zilizokuwa zimesafishwa barabara zilikuwa 12 tu. Katika nyingine walikuta habari za wagonjwa, barua za watu, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. 

Sasa tufikiri ni mambo gani yaliyomo katika kompyuta ya baba wa jamaa. Mna cheti cha daktari, hesabu za deni, barua za ndugu waliogombana wakapatana, pengine daftari la michango ya jumuiya. Siri nyingine si zake peke yake, bali aliaminiwa nazo na wengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2491 na 2492, yatufundisha kutunza siri tulizoaminiwa na kuheshimu maisha ya ndani ya jirani. Wajibu huo haufi pamoja na marehemu. Mjane na watoto waurithi, kama wanavyorithi nyumba na shamba.

Basi, ifanyweje? Fuateni taratibu hii.

Kwanza, msifanye haraka. Usafi tunaousema hauna kurudi nyuma. Kabla ya yote waiteni warithi, mtazame pamoja ni nyaraka zipi za lazima: hati za kiwanja, risiti, mapatano ya deni, picha za harusi na za ubatizo. Yanakilini katika diski ya nje au kidude cha flashi, kisha fungueni nakala hizo katika kompyuta nyingine, mhakikishe zasomeka. Watu wengi wameona uchungu kwa kutofanya hivyo. Tena, kama hamlijui neno la siri la marehemu, mtafuteni fundi mwaminifu, nanyi mkae karibu naye mpaka amalize. Msimwachie chombo usiku kucha, maana naye aweza kunakili asiyopaswa kuyaona.

Pili, ondokeni katika akaunti zote zilizofunguliwa humo: barua pepe, Facebook, na akaunti ya Microsoft. Kama WhatsApp ya simu imeunganishwa na kompyuta hiyo, ikateni kwa kutumia simu yenyewe. Ikiwa kompyuta ni ya Apple, sharti akaunti ya mwenyewe iondolewe, la sivyo mashine za miaka hii huweza kujifunga, na mnunuzi atakuwa amenunua sahani ya chuma.

Tatu, irudisheni kompyuta katika hali yake ya kwanza. Katika zile zenye Windows 10 au Windows 11, ingieni katika «Paramètres», tafuteni «Récupération», chagueni kuianzisha upya, kisha «Supprimer tout», maana yake kufuta vyote. Hapo msiishie njiani. Mashine huwa na shauri la ziada la kuisafisha diski yenyewe, si kuondoa majina tu. Lichagueni hilo, hata kama kazi itachukua saa nyingi. Mkiulizwa kama programu ichukuliwe katika intaneti au katika mashine yenyewe, chagueni mashine yenyewe, kwani kwa njia ya intaneti huweza kuliwa zaidi ya gigabaiti 4, na fedha ya megabaiti twaijua sote. Tena unganisheni waya wa umeme na kuijaza betri mapema. Katika mji wetu umeme hukatika bila kubisha hodi, na kazi hii ikikatika katikati, kompyuta yaweza kukataa kuwaka.

Nne, kioo kitakapouliza lugha na nchi, zimeni papo hapo. Ukurasa huo wa kwanza ni wa mwenyeji mpya, aandike jina lake mwenyewe.

Na diski iliyokufa kabisa, isiyoweza kusafishwa, itolewe na kutobolewa au kuvunjwa kabla ya kutupwa.

Sasa twageukia wanunuzi, hasa ninyi vijana wa shule. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni chombo kimetoka wapi, mpewe karatasi ya mauzo. Iwasheni mbele ya mwuzaji. Ikidai neno la siri ambalo yeye halijui, au baada ya kusafishwa ikaomba akaunti ya kampuni fulani, acheni. Huenda ni mali ya kampuni au imeibiwa, na mali ya wizi sharti irudishwe kwa mwenyewe, hata ukiwa umeilipia. Bei rahisi haiigeuzi amri ya saba.

Na ukikuta ndani yake picha au barua za mtu? Usizisome, usizionyeshe darasani, usizitume kwa rafiki. Mjulishe mwenyewe kama waweza kumpata, kisha safisha. Anayezipeleka kwa wengine avunja heshima ya jirani, tena aweza kujitia katika hatia ya kisheria, kwani nchi yetu ina Sheria ya mambo ya kidijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu binafsi.

Neno moja la kweli kuhusu mashine za zamani. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imekoma kuilinda Windows 10 kwa njia ya kawaida, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mwuzaji amwambie mnunuzi jambo hilo waziwazi. Chombo cha namna hiyo si cha kutupwa bado, maana chaweza kuwekewa Linux, programu isiyouzwa, nacho kikamfaa mwanafunzi kwa kuandika na kusoma.

Nasi watu wa Katanga tunayo sababu ya pekee ya kutotupa ovyo. Kobalti iliyomo katika betri nyingi za kompyuta hutoka katika udongo wetu, kwa jasho la watu wetu. Mwaka 2022 dunia ilitoa takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na sehemu iliyojulikana kuwa imekusanywa na kutengenezwa upya kwa taratibu haikufika robo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikemea desturi ya kutumia na kutupa. Kwa hiyo, mama, kumwuzia kijana huyo kompyuta kwa bei ya haki ni jambo jema. Muuzie chombo kisafi, siri za nyumba yako zibaki nyumbani.

Wazazi, siku kompyuta itakapoingia kwenu, keti na mtoto wakati wa kuandika jina lake katika ukurasa ule wa kwanza, ukamweleze kwa nini umeachwa mtupu. Mwenye swali jingine na atuandikie. Mungu azibariki jamaa zenu.