Jalada Mmelipoteza Nyinyi

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika walioipigania Ujerumani hapa kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa mishahara waliyoidai tangu 1918. Ofisa wa benki akatumwa Mwanza na fedha. Wakajitokeza wazee wapatao 350, na ni wachache mno waliokuwa na vyeti walivyoandikiwa na jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Wengine walikuja na vipande vya kombati zilizochakaa, wengine mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba ofisa yule hakuwafukuza wala hakuwaambia warudi kesho. Alimkabidhi kila mzee ufagio aushike kama bunduki, kisha akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakukosea hata mmoja.

Dola ya Kijerumani ndiyo iliyochoma mashamba na maghala ya kusini wakati wa Maji Maji na kuua watu wetu kwa njaa. Siisifu. Nasema tu kwamba hata mtu wa dola hiyo, alipokutana na mzee asiye na karatasi, aliona haya kumwuliza cheti na akamwuliza anajua nini. Masjala zetu, katika nchi huru, bado hazijafika hapo.

Nawazungumzia wazee wa Mbagala, Tandika, Yombo, Tandale na Mwananyamala waliokwenda vita vya Kagera wakiwa mgambo, wakavuka Mutukula kuingia Uganda, vita vikaisha, wakarudi kwenye vyumba vyao vya kupanga, na mpaka leo wapo wanaoambiwa kwamba majina yao hayaonekani kwenye orodha ya waliostahili nishani. Vijana wao wanawauliza: "Baba, kweli ulikwenda?" Sasa hebu fikiria mwanamume aliyelala kwenye tope la Uganda, akizeeka, analazimika kuwaapia wajukuu zake kwamba si mwongo.

Historia naipita haraka maana tunaijua. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliwaita wazee wa mji huu wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee akawaambia kazi iliyobaki ni moja, kumpiga nduli Amin, na kwamba sababu, nia na uwezo tunavyo. Jeshi halikufika watu 40,000 wakati ule. Katika muda mfupi likavuka 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000, mbali na polisi, magereza na vijana wa JKT. Sehemu kubwa ya huo uwezo aliotutangazia Mwalimu ilikuwa watu: vijana wa viwandani, makuli wa bandarini, wakulima, makarani. Walifundishwa upesi upesi wakapandishwa malori. (Baadaye tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Kuna wazee wanaosema miezi hiyo bado inahesabiwa.)

Nimewahi kumsikia ofisa mmoja mstaafu akiwacheka mgambo barazani. "Hao si ndio waliokimbia Lukaya?" Basi tuizungumze Lukaya, kwa sababu wanaoitaja hivyo huwa wanaishia nusu ya hadithi. Tarehe 10 Machi 1979, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kati ya Masaka na Kampala, Brigedi ya 201 iliyoongozwa na Brigedia Imran Kombe ilikutana na Walibya walioletwa na Gaddafi kumwokoa Amin. Brigedi ile karibu yote ilikuwa mgambo. Walibya wakafyatua makombora ya saba saba. Mengi yalipita juu ya vichwa yakaangukia nyuma, lakini mlio wake ulitosha. Wengi walivunja safu wakatawanyika kinamasini. Ndiyo, walikimbia. Ni watu ambao miezi michache nyuma walikuwa wanakata tiketi za basi.

Nusu ya pili ndiyo hii: walikusanywa usiku uleule, na alfajiri ya tarehe 11 wakarudi palepale walipokimbia. Brigedi ya 208 chini ya Mwita Marwa ilizunguka kutoka kaskazini-magharibi, 201 ikasukuma kutoka mbele, na Walibya wapatao 200 wakaachwa wamekufa. Njia ya Kampala ikafunguka, na tarehe 11 Aprili mji ukaanguka. Nionyesheni jeshi lolote duniani ambalo askari wake hawajawahi kuogopa. Anayekimbia akarudi mwenyewe kwenye moto uleule, mimi namvulia kofia.

Jirani yangu mmoja Mbagala, simtaji jina, ana bahasha ya kaki anayoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndani ya begi la shule la mjukuu wake. Ndani mna picha ndogo nyeusi na nyeupe ya vijana watatu waliovaa kombati zinazowapwaya, nyuma imeandikwa kwa penseli "Masaka 79". Mna barua ya mwajiri wake wa zamani inayomruhusu kwenda kulitumikia taifa, mhuri umefifia lakini tarehe inasomeka. Mna barua ya serikali ya mtaa, nyingine ya serikali ya mtaa baada ya mwenyekiti kubadilika, na hati ya kiapo aliyoilipia kwa wakili. Hicho ndicho kitita anachopanda nacho daladala kutoka Rangi Tatu, kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

Safari moja nilimsindikiza. Binti wa kaunta alikuwa na heshima zake, siwezi kumsema vibaya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Babu, jina lako halimo. Lete cheti chako cha kuachishwa."

"Mama, cheti walikusanya wao wenyewe wakasema tutarudishiwa."

"Basi leta namba ya jeshi."

Akaitaja papo hapo, bila kusoma popote, kama anavyotaja jina la mama yake. Binti akaangalia kompyuta, akaangalia daftari. "Namba hii ina jina lingine, babu." Jina lenyewe? Lilelile lake, isipokuwa karani wa 1978 aliandika Athumani na kitambulisho cha taifa kinasema Othman, na jina la babu yake halikuandikwa kabisa kwa sababu enzi hizo ukitaja lako na la baba yako ulikuwa umemaliza. Kwa herufi hizo chache mtu amekuwa watu wawili, mmoja ana haki na hapatikani, mwingine anapatikana na hana haki.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Aliyeandika jina vibaya ni karani wa serikali. Aliyekusanya vyeti ni serikali. Aliyetunza jalada, au akashindwa kulitunza, ni serikali. Halafu anayetakiwa kuthibitisha, kwa nauli yake, kwa magoti yake yaliyokwisha, ni mzee! Katika kesi gani nyingine mlalamikiwa anapoteza ushahidi kisha mlalamikaji ndiye anayeadhibiwa?

Nitaambiwa jalada la miaka zaidi ya 40 kupotea ni jambo la kawaida. Sawa. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza ghala la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani mjini St. Louis, majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yakawa majivu. Waliobaki na jukumu la kuyatafuta mambo hayo upya ni wenye ghala. Wanachambua hati za malipo, ripoti za kila siku za vikosi, rejista za hospitali, wanamjenga upya askari karatasi kwa karatasi. Na tangu 1946 sheria yao imeruhusu kuwapo kwa mabaraza ambayo kazi yake ni kusahihisha kumbukumbu za kijeshi zilizokosewa, na hata mrithi wa askari aliyekufa anaweza kuomba. Sisi hatukuunguliwa na ghala la namna hiyo. Tuna uzito tu wa kufungua makabati.

Nitaambiwa pia kwamba milango ikifunguliwa matapeli watafurika. Watakuja, sikatai, mji huu nauishi. Lakini tapeli wa kujifanya mpiganaji hukamatwa na wapiganaji wenyewe. Mweke mbele ya wazee watatu wa brigedi yake wamwulize kamanda wake alikuwa nani, daraja la Kyaka walilikuta katika hali gani, Lukaya maji yaliwafika wapi, Jinja waliingia kutokea upande gani. Dakika kumi zinatosha. Mashahidi hao bado wapo, wanacheza bao Tandika na Mwananyamala. Ila wanapungua. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958, na huyo ni miongoni mwa wadogo wao.

Sababu ya uzito huo naijua, na afadhali isemwe wazi. Kuna wanaoogopa kwamba nishani itafuatiwa na madai ya fedha. Kwamba ukimtambua mgambo leo, kesho atauliza kiinua mgongo. Hofu hiyo ina aibu ndani yake, kwa sababu maana yake ni kwamba tunaficha ukweli kuhusu damu ya mtu ili tusije tukadaiwa. Kama kuna deni, lijadiliwe bungeni kama deni, likubaliwe au likataliwe mchana kweupe. Kipande cha chuma na utepe hakina bei ya kutisha hazina ya taifa.

Na msiseme haiwezekani kumvika mtu nishani aliyocheleweshewa. Tumeshafanya. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, vijana wa Kariakoo, walipigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, wakarudi wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU, kisha historia rasmi ikawapita kando. Mohamed Said akaandika kitabu kuhusu Abdulwahid kilichotoka 1998, akapiga kelele miaka na miaka, na katika maadhimisho ya miaka 50 ya Uhuru mwaka 2011 Rais Kikwete akawatunuku wote wawili. Abdulwahid alikuwa amekufa tangu 1968. Nchi haikupasuka. Ila mgambo wa Yombo hana mwanahistoria wa kumpigia kelele, na haki haipaswi kungoja mpaka kila mzee aandikiwe kitabu.

Majirani nao. Mwanzoni mwa Novemba 2023, juma lilelile ambalo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea akiomba radhi kwa mauaji ya Maji Maji, Mfalme Charles alisimama katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi upya medali wazee wa King's African Rifles waliopigana Vita Kuu ya Pili. Baadhi ya wazee wa Kenya walizitupa au kuziharibu medali zao enzi za Mau Mau, wakihofia kuonekana vibaraka. Yaani walizitupa wenyewe, na bado wakapewa nyingine, miaka 78 baada ya vita. Waingereza wana madeni mengi zaidi ya hayo kwetu na sitaki wajipigie makofi. Lakini mzee wetu hakutupa kitu. Hajapewa.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Amiri Jeshi Mkuu huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, mwakilishi wa wapiganaji wastaafu huweka shoka. Ni hafla nzuri, naipenda. Wenye nishani hukaa mbele vifua vikimeta, na wanastahili. Asiye nayo husimama na watazamaji, nyuma ya wauza maji.

Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa iunde jopo la kusahihisha kumbukumbu za vita vya Kagera, na jopo hilo lisikae Dodoma likisubiri barua. Liketi Temeke wiki mbili, likahamie Kinondoni, kisha mikoani. Dola iliyoweza kumfikisha karani wa sensa mlangoni kwa kila mtu Agosti 2022 haina sababu ya kumsafirisha mzee mwenye fimbo. Lipokee ushahidi wa wenzake waliopigana naye kama ushahidi kamili. Tofauti ya Athumani na Othman ilimalize palepale. Wajane wapokelewe. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, yenye sahihi ya mtu mwenye jina, si "njoo mwezi ujao".

Nawe msomaji, kama una mzee wa namna hii nyumbani, usingoje jopo. Kaa naye jioni ya leo na daftari. Andika jina aliloandikishwa nalo, namba yake, kikosi, kamanda, miji aliyopita na majina ya wenzake watatu walio hai. Apige dole gumba chini yake, toa nakala, moja mpelekee mbunge wako na umtake aulize bungeni kwa sauti.