Friwili Ikifa, Piga Hesabu Kabla ya Kufunga Gia

Hapa Hamriya baiskeli kuukuu ni mali. Unauziwa kwa bei ya chakula cha siku mbili, friwili imejaa vumbi na kutu, haishiki. Sasa vijana wanaonyeshana video kwenye simu: toa friwili, funga sproketi moja palepale, umemaliza. Pedeli na gurudumu vinakuwa kitu kimoja, ukiacha kukanyaga, gurudumu linaizungusha miguu yako. Ni rahisi, nakubali. Lakini mimi kazi yangu ni hesabu, na hii wengi wanaipiga nusu.

Tuanze na habu. Habu ya friwili ina thredi za kuelekea upande mmoja tu. Ukikanyaga mbele, sproketi inajikaza. Ukikaza miguu kurudi nyuma ili upunguze mwendo, inaanza kujifungua. Habu halisi ya baiskeli za mashindano ya uwanjani ina thredi ya pili iliyogeuzwa, na ringi inayoizuia sproketi isitoke. Hiyo yako haina. Watu huweka ringi ya kwenye krenki na gundi ya thredi, inashika, mpaka siku isiposhika. Na siku hiyo utakuwa unajaribu kusimama.

Kwa hiyo anayetaka kufunga afunge, ila breki zote mbili zibaki, raba mpya na waya mpya. Pesa hiyo ni gharama ya kazi yenyewe, usiiandike pembeni. Cheni nayo isilegee: ekseli ya nyuma iwe na nafasi ya kuvutwa nyuma, la sivyo fremu hiyo haifai.

Halafu kuna mlima. Chukua meno 42 mbele, 16 nyuma, gurudumu la inchi 26. Mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 5.4. Ruwi kwenye tambarare, raha tupu. Sasa teremka kutoka Wadi Kabir kwenda Al Bustan kwa kilomita 40 kwa saa: miguu itazunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika, utake usitake. Baada ya kushinda juu ya jukwaa la ujenzi siku nzima, hiyo miguu unaitoa wapi?

Mimi ningenunua friwili mpya ya gia moja. Inaingia kwenye thredi zilezile, na fundi mwenye kifungulio chake haimchukui muda. Ulizia bei zote mbili kwanza, mara nyingi friwili ya kawaida ndiyo rahisi. Kifundo cha mguu kikivunjika, ovataimu imekatika, na ada ya shule kule nyumbani haijui kama umelala kitandani.

Na kama baiskeli ni ya chumba kizima, jamani, msifunge kabisa. Mwenzako ataichukua alfajiri bila kuambiwa, ataacha kukanyaga kwenye kona kama alivyozoea, na pedeli itamrusha.